Muulize Fundi: Somo Limegeuka Kisanduku cha Kijivu

Mwezi huu nimepokea barua nne zinazozunguka jambo moja: masomo, michezo na ramani za wavuti, za leo na za miaka ile ya programu-jalizi, zile wengi wetu hapa Nairobi tulizoea kuziita plagini. Barua ya mwalimu wa Kayole nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine zote. Nilipoisoma niliinuka mezani nikaenda kutafuta CD yangu ya zamani kabatini, na mtaona kwa nini.

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya upili hapa Kayole. Mwaka 2010 na 2011, mimi na mwenzangu ambaye sasa amestaafu tulitengeneza masomo kumi na moja ya kompyuta: pendula, mawimbi, saketi za umeme, lenzi. Mwanafunzi anavuta kitu kwa kipanya, namba zinabadilika, anajaza jedwali. Saba ni faili za .swf, za Flash, na manne ni za .xap, tulizotengeneza kwa Silverlight. Maabara imepata kompyuta mpya, na kila somo nikilifungua naona kisanduku cha kijivu au ukurasa mtupu. Faili za asili zilikuwa kwenye kompyuta ya mwenzangu, nayo iliibwa. Je, kazi yetu imekufa? Mwalimu, Kayole.

JIBU: Mwalimu, usifute chochote. Kazi yenu bado imo ndani ya faili hizo, nzima au karibu nzima. Kilichoondoka ni ile programu iliyokuwa ikizisoma.

Nieleze kidogo, kwa sababu ukijua kilichotokea utajua pia pa kuanzia. Kivinjari cha miaka ile kilijua maandishi, picha na fomu, basi. Ukitaka pendula inayoyumba au lenzi ya kusogeza, ilibidi umwite mgeni. Netscape ilifungua mlango huo mwaka 1995: ukurasa unaomba utengewe mstatili wa ukubwa fulani hapo katikati, kisha programu nyingine kabisa, ndiyo plagini, iliyosakinishwa pembeni kwenye kompyuta, inaingia na kuchora ndani ya mstatili huo. Kivinjari chenyewe hakikujua kinachoendelea humo. Flash ilikuwa mgeni wa namna hiyo tangu 1996, kwanza kwa jina la FutureSplash, kisha ikawa mali ya Macromedia, hadi Adobe ilipoinunua Macromedia mwaka 2005. Silverlight ya Microsoft ilikuja 2007. Toleo la 2, la Oktoba 2008, ndilo lililotuvuta sisi tuliozoea .NET, jukwaa la Microsoft la kuandikia programu. Sura ya somo unaichora kwa XAML, hesabu unaziandika kwa lugha ya C#, vyote unavifunga katika faili moja ya .xap na kuiweka kwenye seva.

Wakati huo nilikuwa na chumba cha kazi ghorofa ya tatu, karibu na Moi Avenue. Kebo za chini ya bahari zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya mjini ikaanza kupumua, na wateja wakaanza kutaka vitu vinavyosogea. Siku ya kwanza nilipoona grafu niliyoiandika kwa C# ikifuata kipanya ndani ya kivinjari, nilimwita jirani yangu wa duka la vitabu aje atazame. Dosari ilijionyesha mapema, ila hatukuipa uzito. Mteja alipoenda kuonyesha kazi hiyo saibani, alikuta mashine zimefungwa, hakuna ruhusa ya kusakinisha kitu, na mahali pa grafu palikuwa na picha ndogo ikimwambia akapakue Silverlight. Kwa shilingi moja kwa dakika, nani angekaa kungoja? Halafu simu zikaja. iPhone haikuendesha Flash hata siku moja tangu ilipotoka mwaka 2007, na Silverlight haikuwahi kufika Android. Watu waliokuwa wakinunua IDEOS, simu zao za kwanza za Android, hapa mjini mwaka 2011, mwaka uleule mliokuwa mkimalizia masomo yenu, walirudi nyumbani na simu ambazo zisingefungua hata moja kati ya yale manne ya Silverlight.

Milango ikafungwa mmoja mmoja. Chrome iliondoa ule mlango wa wageni Septemba 2015 na Firefox Machi 2017, zote zikiiachia Flash nafasi kwa muda. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 Flash Player yenyewe ikakataa kuendesha faili. Silverlight ilifikia mwisho wa huduma tarehe 12 Oktoba 2021. Walioifunga walikuwa na sababu ya haki. Kila tundu la usalama katika plagini lilikuwa tundu katika kila kompyuta iliyoisakinisha, na matundu yalikuwa mengi. Kinachoniuma mimi ni walimu kama nyinyi, ambao hamkuwa na mtu wa kuwaambia miaka mitano kabla.

Sasa kazi. Kabla ya kugusa chochote, nakili folda nzima mahali pawili tofauti, mojawapo pasiwe hapo shuleni.

Anza na zile .swf saba, maana ndizo rahisi. Kuna programu huria inayoitwa Ruffle, inayoiga Flash Player bila kuhitaji kitu chochote kutoka Adobe. Ipo ya kompyuta, ambayo unaifungua na kuipa faili, na ipo ya kuweka kwenye ukurasa wa wavuti, ambapo hufanya kazi kupitia WebAssembly, teknolojia ambayo vivinjari vyote vikubwa vimekuwa nayo tangu 2017. Jaribu ya kompyuta kwanza. Masomo yaliyoandikwa kwa ActionScript, lugha ya Flash, toleo la 1 au 2 mara nyingi hufunguka kama vile hakuna kilichotokea. Yale ya ActionScript 3, iliyoingia na Flash Player 9 mwaka 2006, yanaweza kusumbua hapa na pale: kitufe hakijibu, maandishi yanahama. Likisumbua, lifungue kwa JPEXS, programu nyingine ya bure. Hiyo hukuonyesha matumbo ya faili: michoro, sauti na msimbo wenyewe. Michoro unaweza kuitoa kwa SVG, muundo wa michoro ya wavuti, na SVG husomwa na kivinjari chochote cha leo.

Zile .xap nne ndizo zilizonipeleka kabatini.

Faili ya .xap ni zip iliyovaa jina lingine. Chukua nakala (nakala, si ile ya asili), badilisha mwisho wa jina kutoka .xap kuwa .zip, uifungue. Utakuta AppManifest.xaml, ambayo ni orodha ya vilivyomo, na faili moja au zaidi za .dll, zenye programu yenyewe. Nilifanya hivyo na kazi yangu ya 2010, mazoezi ya kasi na umbali niliyomtengenezea mteja mmoja. Msimbo wa asili niliupoteza stima ilipopotea ghafla na diski ikafa nayo, na nilikuwa na .xap peke yake kwenye CD. Ile .dll niliifungua kwa ILSpy, programu huria inayorudisha msimbo wa .NET katika C# inayosomeka. Nilitegemea kukuta herufi za ovyo. Nikakuta darasa (class) linaitwa MpiraUnaoanguka, na ndani yake kasiYaMpira, urefuWaMnara, HesabuMuda. Majina niliyoyatunga mwenyewe, kwa Kiswahili changu, zaidi ya miaka kumi iliyopita, yote yapo. Maelezo niliyokuwa nimeandika kando ya msimbo hayakuwapo, hayo hufutwa wakati wa kukusanya (compile) programu, na majina ya vigeu vidogo vya ndani ya njia (method) yalikuwa yamegeuka num na num2. Lakini hesabu ilikuwa pale mstari kwa mstari. Na XAML, yaani sura nzima ya somo, ilikuwa imelala ndani ya .dll hiyohiyo kwa maandishi ya kawaida. Nilikaa hapo hadi saa sita usiku.

Ukishapata C# na XAML, una njia mbili. Ipo OpenSilver, mradi huria unaochukua msimbo wa Silverlight na kuufanya uende kwenye kivinjari cha leo bila plagini. Kwa kampuni yenye mfumo wa skrini mia mbili hiyo ndiyo njia ya busara. Kwa masomo manne ya fizikia, mimi ningeyaandika upya kwa HTML, SVG na JavaScript, nikitumia C# ya zamani kama ramani. Kila somo lenu huenda lina kurasa tatu au nne za hesabu za kweli. Kilichobaki ni mapambo ya vitufe, na vitufe leo unavipata bure kwenye kivinjari.

Lakini msihamishe kila kitu jinsi kilivyo. Tazama ile pendula kwa makini, hasa kama ni ya Flash. Wengi wetu tulikuwa tunasogeza kitu kwa kuhesabu fremu: faili imewekwa fremu 24 kwa sekunde, basi kila fremu sogeza kidogo. Kompyuta ikiwa dhaifu, fremu 24 hazitoki kwa sekunde moja. Zikitoka 16, somo zima linakwenda polepole. Pendula ya mita moja, ambayo muda wake wa kwenda na kurudi ni karibu sekunde 2, kwenye mashine hiyo inachukua 3. Mwanafunzi mwaminifu anapima kwa saa yake, anaingiza kwenye kanuni, na anapata g, yaani mvuto wa dunia, kuwa 4.39 badala ya 9.8. Anadhani amekosea yeye. Na ukihesabu fremu kwenye skrini mpya zinazochora mara 120 kwa sekunde badala ya 60, kosa linageuka upande wa pili, pendula inakimbia maradufu.

Dawa yake ni kuuliza saa, si kuhesabu fremu. Katika JavaScript, requestAnimationFrame hukukabidhi wakati wa sasa kwa milisekunde kila inapokuita. Andika hivi, muda ukiwa ule wa kwenda na kurudi:

wakati = (sasa - mwanzo) / 1000;
pembe = pembeKuu * Math.cos(2 * Math.PI * wakati / muda);

Kompyuta ikichelewa, mchoro utarukaruka kidogo, ila pendula itakuwa mahali panapostahili kwa wakati huo, na mwanafunzi wako atapata jibu la haki. Pembe iwe ndogo, kama unavyowafundisha, ndipo kanuni hiyo ishike.

Jambo la mwisho ni la maabara. Ukibofya mara mbili faili ya HTML kutoka kwenye folda, kivinjari hukataa kuipa ruhusa ya kusoma baadhi ya faili za jirani, na hapo ndipo watu hudhani Ruffle imeharibika. Huhitaji intaneti kulitatua. Sakinisha Python kwenye kompyuta ya mwalimu, ingia kwenye folda ya masomo, andika python -m http.server 8000. Kompyuta hiyo sasa ni seva. Wanafunzi walio kwenye mtandao uleule wa maabara wanaandika anwani yake na :8000 mwishoni, na masomo yote kumi na moja yapo, bila bando.

Na yule mwenzako aliyestaafu, mpigie simu. Mwambie ulichokikuta ndani ya .dll.

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko mwaka wa nne, nasomea kompyuta, naishi Ngara. Noti za somo letu la wavuti zina sura nzima ya Silverlight na nimeipenda sana. Nataka mradi wangu wa mwisho uwe ramani ya matatu za Nairobi ambayo mtu anabofya njia na kuona vituo. Nitumie Silverlight? Wenzangu wananicheka. Mwanafunzi, Ngara.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wasikucheke, kwa kuwa ulichokipenda kinapendeka. Kutenganisha sura na hesabu, kufunga data kwenye kitu cha skrini ili kimoja kikibadilika kingine kifuate, kushughulikia tukio la kubofya: mambo hayo Silverlight iliyafundisha vizuri, na yote yanaishi leo ndani ya zana za kujengea programu kama WPF, .NET MAUI na Avalonia, kwa XAML unayoifahamu tayari. Soma sura hiyo kwa ajili ya mtihani na usome kwa moyo.

Mradi usiujenge humo. Siku ya kuuonyesha, mtahini atafungua kompyuta yake na hakutakuwa na cha kuona.

Ramani ya matatu una bahati nayo, kwa sababu kazi ngumu imekwisha fanywa hapahapa mjini. Mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na MIT na Columbia vya Marekani, uliwapandisha wanafunzi kwenye matatu na simu mkononi wakarekodi vituo na njia, zaidi ya njia 130. Mwaka 2014 wakaitoa ramani na data yake bure kwa umma, kwa muundo wa GTFS. GTFS ni faili za maandishi tu, zilizotengwa kwa mikato. Fungua stops.txt, kila mstari ni kituo na latitudo na longitudo yake. Fungua shapes.txt, utaona nukta zinazofuatana barabarani, na ukiziunganisha ndiyo njia ya gari. Kwa kuchora, tumia Leaflet, maktaba ndogo ya JavaScript iliyoanza 2011, juu ya ramani ya OpenStreetMap. Jioni moja inatosha kuona njia yako ya kwanza ikijichora kutoka mjini hadi Kawangware.

Ila jua kwamba data hiyo ni ya wakati wake. Tangu hapo vituo vimehamishwa na barabara zimejengwa. Chagua njia moja unayoipanda kila siku, tembea nayo na simu yako, linganisha kituo kwa kituo, sahihisha. Mimi ningekuwa mtahini wako, sehemu hiyo ndiyo ningeipa alama nyingi kuliko rangi za ramani.

Kama roho yako imeng'ang'ania C#, ipo Blazor WebAssembly, iliyotoka rasmi 2020. Inaendesha C# ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Mzigo wake wa kwanza ni mzito kuliko JavaScript tupu, na wewe unatengenezea watu walio stejini na simu mkononi. Pima mwenyewe.

SWALI: Mkubwa, nina saiba Umoja, mashine nane. Wateja wangu, hasa watoto siku za Jumamosi, wanataka michezo ya zamani ya Flash. Nimepata tovuti inayotoa "Flash Player mpya" bure. Nisakinishe kwenye zote? Mwenye saiba, Umoja.

JIBU: Hapana, ndugu yangu, hata kwenye moja. Adobe iliacha kuitoa Flash Player mwisho wa 2020, kwa hiyo anayekupa "mpya" leo anakupa kitu kingine chenye jina hilo. Kama umeshaijaribu kwenye mashine yoyote, itoe kwenye mtandao sasa hivi, hifadhi unachohitaji, usakinishe Windows upya. Nakuambia kwa ukali kwa sababu najua wanaoketi kwenye viti hivyo Jumatatu asubuhi. Mama anaingia eCitizen kutafuta cheti cha mtoto, kijana anajaza KRA, mwingine anafungua barua pepe yenye vitambulisho vyake vyote. Programu ya wizi inasubiri nywila hizo tu.

Watoto wapate michezo yao kwa Ruffle. Internet Archive ina mkusanyiko mkubwa wa michezo na katuni za Flash tangu Novemba 2020, na inazifungua papo hapo kwa Ruffle hiyohiyo. Hutasakinisha hata faili moja.

SWALI: Fundi, mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea Kawangware. Nafundisha kina mama wachanga lishe ya watoto. Nataka mchezo mdogo wa kwenye simu: mama anaburuta chakula kwenye sahani, inamwambia amepungukiwa na nini. Kijana mmoja anataka kunitengenezea programu ya kupakua, mwingine anasema ukurasa wa wavuti. Simu zao ni za bei ya chini na bando ni la kubahatisha. Niamini nani? Mama Sahani, Kawangware.

JIBU: Mama, mwamini wa ukurasa wa wavuti, kisha umkalie karibu.

Programu ya kupakua inataka nafasi kwenye simu ambayo tayari imejaa picha za mtoto, na inataka mama akubali kuisakinisha kabla hajaona faida yake. Ni kosa lilelile la siku za plagini, la kumdai mtu kitu mlangoni. Ukurasa unafunguka kwa kiungo ulichomtumia WhatsApp. Na ukurasa leo unaweza kujihifadhi. Mwambie kijana atumie "service worker", yeye ataelewa. Mama akifungua mara moja akiwa na bando, ukurasa unabaki ndani ya simu na utafunguka tena hata bila mtandao.

Haya ndiyo ya kumkalia nayo. Vyakula viwe michoro ya SVG au picha zilizobanwa. Ugali, sukuma, ndengu, omena, yai, parachichi, vyote hivyo kwa pamoja visizidi kilobaiti mia chache. Umwombe akuonyeshe namba hiyo. Maandishi yawe maandishi ya ukurasa, yasichorwe ndani ya picha, ili mama asiyeona vizuri aweze kuyakuza.

Kuburuta ndiko kutakakowashinda. Sisi wa zamani tulitengeneza vitu vya kipanya: ukielea juu ya kitu kinang'aa, ukibonyeza kinakufuata. Kidole hakielei. Nimeona mtu akiburuta kitu kwenye skrini na ukurasa mzima ukapanda juu badala ya kitu hicho kusogea, akaiweka simu chini na hakuigusa tena. Kijana atumie matukio ya pointer, ambayo husikia kipanya na kidole kwa msimbo mmoja, na kwenye kila chakula aweke touch-action: none ili ukurasa utulie chakula kinapovutwa. Kisha aongeze njia ya pili: kugusa chakula mara moja kinaenda sahanini chenyewe. Mama aliyembeba mtoto kwa mkono mmoja hana kidole cha kuburutia.

Usingoje mchezo ukamilike. Ukiwa na vyakula vitatu na sahani moja, ufungue kwenye simu mbovu kuliko zote katika kikundi chako, umpe mwenye simu hiyo, na usimwambie la kufanya. Tazama kidole chake kinakwama wapi. Niandikie ulichoona, nami nitamjibu kijana wako hapahapa toleo lijalo.